Mkono wa Metroni na Mjusi Aliyeachiwa

Metroni hakuanza kukusalimia kwa mdomo. Alianza kwa mgongo wa mkono. Ukisimama mlangoni pake, hata kama umekwenda kuomba chumvi tu, mkono ulikuja wenyewe ukakugusa paji la uso, kisha shingoni chini ya sikio, ndipo aseme, "Huna homa, pita," au, "Wewe una homa, rudi ukalale." Baada ya hapo ndipo ungepata nafasi ya kutoa shikamoo yako. Wageni walishtuka. Sisi majirani tulikwisha kuzoea, na mimi niliinama kabla hajanyanyua mkono, maana yeye ni mfupi na mimi nina urefu usio na faida yoyote.

Jina lake ninalijua lakini sitaliandika. Mtaani kwetu Njombe anaitwa Metroni, hata leo miaka kadhaa baada ya kustaafu, na hata mchungaji humwita hivyo akisoma matangazo kanisani. Alikuwa mkuu wa wodi ya watoto njiti katika hospitali moja ya misheni ya huku kwetu. Hospitali nayo sitaitaja, na sababu utaiona mwenyewe.

Adui yake alikuwa baridi. Watu wengine wa Njombe tunaishi na baridi kwa kuisema vibaya tu. Tunavaa sweta mbili, tunafunga madirisha saa kumi na moja jioni, tunalalamika kwamba umande umeganda na majani ya viazi yameungua, basi. Metroni alipigana nayo. Nimemwona kwa macho yangu akimsimamisha mama mmoja karibu na soko, mtu asiyemjua kabisa, akamuuliza, "Miguu ya mtoto iko nje kwa nini? Unaiuza?" Metroni akavua skafu yake palepale akaifunga ile miguu, kisha akaenda zake bila kuaga. Skafu yenyewe haikurudi, naye hakuiulizia.

Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka tukayajua kwa moyo. Kubwa lao ni hili: "Mtoto mwenye baridi halii. Ananyamaza. Ninyi mkiona amenyamaza mnashukuru." Aliyasema kwenye arusi, kwenye misiba, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Jingine lilihusu vipimajoto, ambavyo alividharau waziwazi. "Kipimo betri ikichoka kinadanganya," alisema, akinyanyua mkono wa kulia. "Huu una betri gani?"

Mimi nilikuwa shahidi wa mkono huo. Binti yangu alizaliwa wa miezi saba, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumtazama. Metroni alimfunga kifuani kwa mke wangu, ngozi kwa ngozi, na mke wangu akichoka alimfunga kifuani kwake mwenyewe, akazunguka naye wodini akitoa amri. Kila baada ya muda aliingiza vidole viwili chini ya kitambaa, akamgusa mtoto mgongoni na nyayoni, akatikisa kichwa kukubali. Leo binti huyo yuko darasa la tatu na anabishana na mimi kila asubuhi kuhusu soksi.

Siku ya ubatizo wake tulifanya karamu ndogo nyumbani. Metroni alifika akapita moja kwa moja jikoni, kama kawaida yake ya kukagua. Akaona sufuria la wali linataka kuungua, akalishika kwa mikono mitupu, akaliteremsha mekoni, akalibeba mpaka mezani pole pole, akiendelea kuongea. Mke wangu alipiga yowe. Metroni akamtazama kwa mshangao. "Nini tena?" Tulicheka sana siku ile. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hicho kila nilipotaka kuonyesha kwamba huyu mama ameumbwa kwa udongo mwingine. Nilikisimulia hata Makambako, kwenye kibanda changu cha ufundi umeme, kwa wateja ambao hawakumjua. Ninaona aibu nikikumbuka nilivyokuwa nikiigiza ile "Nini tena?" yake.

Kulikuwa na upande mwingine. Mwanamke huyu aliyebeba watoto wa watu kifuani hakuwa mwepesi wa kumshika mtoto wake mwenyewe. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyesoma bweni tangu mdogo na baadaye akapata kazi Dar es Salaam, ya kuwafundisha watoto wa familia moja ya kigeni. Alipokuja likizo walikaa sebuleni wawili hao, kila mmoja na kikombe chake, wakiongea habari za bei ya mbolea. Nilikuwepo siku moja binti alipouliza, nusu utani, "Mama, hivi mimi ulinibeba lini?" Metroni akajibu, "Wewe ulizaliwa na kilo tatu na nusu. Hukuhitaji." Binti alicheka. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi.

Binti huyo aliugua wiki mbili, akafa. Mama yake alipofika Dar alikuta wenzake marehemu wakimsubiri kwa ajili ya maziko. Alirudi Njombe na begi la nguo, Biblia, na kasha la plastiki lenye matundu. Ndani ya kasha kulikuwa na mjusi.

Hakuwa mjusi kafiri wa ukutani. Alikuwa mnene, wa manjano mwenye madoa meusi, kichwa kipana, na mkia uliotuna kuliko shingo yake. Ile familia ya kigeni ilipohama nchi ilimwachia mwalimu wa watoto wao. Wanamwita mjusi chui, kwa sababu ya madoa, na binti wa Metroni alimwita Chui tu. Pamoja naye kulikuwa na daftari dogo la maelekezo, mwandiko wa binti, na ukurasa wa kwanza umeandikwa: "Anaweza kuishi miaka ishirini."

"Miaka ishirini," Metroni aliniambia akinionyesha. "Basi huyu atanizika mimi. Ndivyo inavyotakiwa, mdogo amzike mkubwa." Hapo ndipo nilipomwona akilia, mara ya kwanza na ya pekee. Kisha akafuta uso akasema, "Fundi, nisaidie. Huyu hatakufa mikononi mwangu. Wa kwanza sikumuwahi, huyu ninaye."

Niseme ukweli, hatukujua tunachofanya. Metroni aliogopa mijusi tangu utoto wake, na mimi ninaviogopa vyote visivyo na nyusi. Kosa letu la kwanza lilikuwa la kinyumbani kabisa. Ilikuwa Mei, baridi inaanza, mjusi amelegea, basi Metroni akafanya alichofanya maisha yake yote. Akamfunika. Alifuma kiblanketi cha sufu, akatandika pamba, akaweka kingine juu, na mimi nikampongeza. Chui akazidi kulegea. Ndipo rafiki mmoja wa marehemu alipopiga simu kutoka Dar kuulizia hali, akasikia habari za blanketi, akasema, "Jamani, mama, huyo hana joto la kwake. Ukimfunika unaifunika baridi ndani."

Metroni alikata simu. "Hana moto ndani kabisa?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemuumba. "Mtoto njiti ana moto mdogo, unausaidia. Huyu hana hata huo?" Ilimsumbua kwa siku kadhaa kwamba kuna kiumbe asiyeweza kuokolewa kwa blanketi.

Tukafuata daftari. Fundi seremala alitutengenezea sanduku la mbao za paina, mbele kioo. Upande mmoja nilifunga globu ya zamani, ile yenye waya ndani inayounguza vidole, na chini yake tukaweka jiwe bapa. Upande wa pili tuliuacha baridi kidogo, na kikopo chenye matambara mabichi cha kujifichia anapovua ngozi. Joto la tumboni, daftari lilisema, ndilo linalomsaidia kusaga chakula. Bila hilo jiwe la moto atakula lakini chakula kitamwozea ndani. Maneno hayo yalikuwa yamepigiwa mstari. Daftari lilisema pia tununue kipimajoto. Metroni aliusoma mstari huo kwa sauti, akacheka, akageuza ukurasa. Jiko la mkaa alilikataa katakata, maana hospitalini alishapokea familia nzima zilizolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa.

Chakula kilikuwa kazi. Chui hakutaka kitu kilichokufa. Nilimletea nyenje kutoka Makambako kwenye kopo la maziwa lililotobolewa, na wateja wangu walidhani nimeanza uganga. Metroni aliwafuga kwenye ndoo, akawalisha maganda ya karoti, akasaga maganda ya mayai na kuwapaka unga wake kabla ya kumpa mjusi, ili mifupa yake isilegee. Kumbikumbi walipotoka na mvua za kwanza aligombania na akina mama wa mtaa chini ya taa ya barabarani, wao wakitaka kukaanga, yeye akitaka wazima. "Kamwene, Metroni! Na wewe umeanza kula?" walimtania kwa salamu ya kwetu. "Ni wa mgonjwa," alijibu bila kucheka.

Alimwita mgonjwa kweli. Kwenye sanduku alining'iniza chati, kama ya wodini, na kila asubuhi aliijaza kwa kalamu ya bluu. Chakula: nyenje wanne. Choo: ndiyo. Mkia: mnene. Joto: zuri. Hilo la joto alilipata kwa kuingiza mkono na kulishika jiwe. Umeme ulipokatika alimtoa Chui akamweka kifuani ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi, akakaa naye hivyo kwenye kiti mpaka urudi, mwanamke aliyekuwa akipiga kelele akiona mjusi dirishani. Akina mama wa fellowship ya kanisani walipomkuta katika hali hiyo waliacha kunywa chai kwake. Hakuwabembeleza. Nadhani miezi ile ndiyo aliyombeba binti yake, lakini hilo ni langu, yeye hakulisema.

Mwaka wa kwanza ulipita. Chui alinenepa, akavua ngozi na kuila mwenyewe, akajifunza kuja kiooni akisikia hatua za Metroni. Tukaanza kujisifu. Nilishasahau kwamba sisi ni wanafunzi.

Juni ya mwaka uliofuata globu ikapasuka. Metroni aliniita asubuhi nikiwa mbioni kwenda Makambako. "Taa ya mgonjwa imekufa." Nilitafuta ya aina ileile mkobani, sikuwa nayo, madukani zimeadimika. Nilikuwa na moja ya kisasa, nyeupe, mpya kabisa. Nikaifunga. Sanduku likang'aa kuliko siku zote. Mimi ni fundi umeme. Ninajua, na nilijua siku ile, kwamba taa zile hazichemki, ndiyo sifa yake tunayowauzia watu. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nimeitwa kurudisha mwanga, na nikarudisha mwanga. Nilipofungua mlango kuondoka, nikageuka nikamuuliza, "Iko sawa?" Yeye akaingiza mkono, akalishika jiwe, akatulia kidogo. "Iko sawa," akasema. "Limeanza kupata joto."

Na mimi nikamwamini. Nani katika Njombe hii angeuuliza ule mkono mara mbili?

Wiki ya pili Chui aliacha kula. Wiki ya tatu mkia ukaanza kusinyaa. Metroni alibadilisha nyenje, alichemsha maji, alisafisha sanduku kwa sabuni, alimbeba mpaka kwa bwana mifugo, ambaye alimtazama mgonjwa, akamtazama Metroni, akasema kwa upole, "Mama, mimi nilisomea ng'ombe." Chati iliendelea. Chakula: hapana. Choo: hapana. Mkia: mwembamba. Joto: zuri. Joto: zuri. Joto: zuri.

Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kumsaidia. Alitaka kumnywesha maji kwa matone, mimi niliondoe jiwe lisimzuie. Nililishika. Lilikuwa baridi kama mawe mengine yote ya Njombe. Nikaishika globu kwa kiganja kizima, nikaendelea kuishika, na wala haikuniunguza.

"Metroni," nilisema, "hili jiwe ni la baridi."

"Baridi gani? Nimelipima sasa hivi."

"Lishike tena, mama yangu."

Akalishika kwa vidole. Kisha kwa kiganja. Kisha kwa mgongo wa mkono, ule wa kusalimia watu. "Lina joto," alisema, lakini alikuwa akinitazama mimi, halitazami jiwe. Halafu akalinyanyua taratibu akaliweka shavuni.

Aliliacha hapo muda mrefu. Aliporudisha jiwe alimchukua Chui, akafungua vifungo vya sweta, akamweka kifuani. "Hapa ninamsikia," alisema. "Ni baridi sana. Ee Mungu, amekuwa baridi siku zote hizi."

Kesho yake nilipata globu ya zamani kwa mfugaji wa vifaranga Makambako, nikarudi nayo mbio. Jiwe likapata moto wa kweli. Tulikuwa tumechelewa. Chui alilala juu yake siku mbili, macho nusu, na siku ya tatu alikuwa amenyamaza kwa namna nyingine. Metroni alimzika mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye kile kiblanketi cha sufu.

Nilimkwepa baada ya hapo. Nilitoka mapema, nikarudi kwa kupita njia ya nyuma, mtu mzima mwenye familia. Ilikuwa Septemba nilipojikaza nikaenda, asubuhi ya siku ambayo hata kazini sikwenda kwa sababu mwili ulikuwa ukiniuma tangu nilipoamka.

Alikuwa ameketi barazani juani, mikono imelala mapajani. Sanduku lilikuwa tupu kando yake, chati bado inaning'inia. Niliinama kwa mazoea kungoja mkono. Haukuja. "Kaa, fundi," alisema.

Nilikiri yote. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, kwamba fundi gani anafunga taa baridi mahali pa moto, kwamba nilikuwa na haraka, kwamba anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe uliweka mwanga," alisema. "Joto lilikuwa kazi yangu."

Kisha akanieleza, bila kuulizwa. Ana sukari, ya siku nyingi, alikuwa akiificha kwa kusema chai ya sukari inaharibu meno. Ganzi yake ilianza nyayoni, ndiyo maana alikuwa akifika getini na kandambili moja na hajui nyingine ameiacha wapi. "Halafu vidole. Vilichoma, fundi, vilichoma usiku na mchana. Halafu vikanyamaza." Akavitazama. "Nikashukuru."

Nilitaka kuondoka. Akaniuliza, "Lile sufuria la wali, lile unalowachekesha nalo watu. Ilikuwa lini?"

Nilielewa mara moja anakokwenda. Alistaafu miaka miwili mizima baada ya ubatizo wa binti yangu. Miaka miwili ya kuingiza vidole chini ya vitambaa vya watoto wa watu na kutikisa kichwa.

"Sikumbuki vizuri," nilisema. "Ulikuwa umeshastaafu, nadhani."

"Nilikuja na sare siku ile," alisema. "Nilitoka zamu."

"Lakini kulikuwa na manesi wengine, Metroni. Kulikuwa na vipimo."

"Vipimo nilivifungia kabatini. Ufunguo nilikuwa nao mimi." Aliongea taratibu, bila machozi. "Niliwashika kila asubuhi nikawaandika wana joto zuri. Na waliokuwa wakinyamaza, niliwaambia mama zao wamelala."

Nilimwambia binti yangu alipona. Nilimwambia mara mbili. Alikubali kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayepewa pole na mgeni, na nikaona kwamba hesabu anayoifanya haina nafasi ya waliopona. Hakuna mtu atakayemjibu. Huenda hakuna hata mmoja aliyekufa kwa mkono ule, huenda ni wengi, na yeye ataishi bila kujua, na hakuna taa ya kubadilisha.

Niliposimama kuaga, alisimama pia. Mkono ukanyanyuka wenyewe, kama zamani, ukanigusa paji la uso, ukashuka shingoni chini ya sikio. Ukakaa hapo kuliko siku zote.

"Niambie wewe," alisema.

Nilikuwa nikitetemeka. "Nina homa, Metroni."

"Basi nenda ukapime," alisema, akauondoa mkono akautia mfukoni mwa sweta.